Moto wa tanuri la gesi huongozwa na hewa, si mtungi

Mzazi akisikia kwamba kijana wake amejijengea tanuri la kufulia chuma nyuma ya nyumba, tena la gesi, jambo la kwanza linalomjia akilini ni mlipuko. Hawezi kulaumiwa. Wakazi wa Nairobi hawajasahau usiku wa Februari 1, 2024, wakati gesi ilipolipuka mtaani Embakasi, ikaua watu na kujeruhi wengine zaidi ya 200, huku nyumba na magari yakiteketea.

Jambo la pili humjia baada ya majuma mawili, nalo ni bei. Mtungi wa kilo sita ambao ungewapikia watu wanne kwa wiki kadha umekwisha Jumamosi moja, na kilichofuliwa ni kisu kimoja, nacho kimepinda.

Hatari hiyo na hasara hiyo ni watoto wa mama mmoja. Mama mwenyewe ni imani kwamba joto hukaa ndani ya mtungi, na kwamba anayetaka moto mkali hana budi kufungua vali zaidi. Ukipita penye tanuri la mwanafunzi wa namna hii utaona ulimi wa moto wa manjano ukitoka nje ya mdomo wa tanuri, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na mwenyewe amesimama kando akitabasamu. Kwake huo ndio ushahidi kwamba tanuri lina nguvu. Kumbe moto ule unaowaka nje ni gesi iliyokosa hewa ndani. Kazi yake ilikuwa kupasha chuma, nayo inapasha hewa ya uani. Chuma chenyewe kimebaki na wekundu ule ule wa robo saa iliyopita.

Juma hili basi, mpenzi msomaji, tutazame jinsi joto la tanuri dogo la gesi linavyoongozwa. Tanuri la aina hii ni chombo rahisi: mkebe wa chuma uliotandikwa ndani kitu kinachostahimili moto, kichomeo kimoja kilichopenyezwa juu au ubavuni, mpira wa gesi na mtungi. Halina moshi wala halihitaji mtu wa kuvukuta, na kwa dakika 10 hadi 15 huwa tayari kwa kazi. Kwa sababu ni rahisi kulijenga, wengi hudhani kuliongoza ni rahisi vile vile.

Wazee waliongoza moto kwa pumzi

Mhunzi wa zamani hakuwa na vali ya kufungua. Alikuwa na makaa, fuawe, koleo, nyundo na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Miongoni mwa Wakikuyu, ambao mhunzi wao huitwa muturi, na miongoni mwa Wakamba pia, palikuwa na msaidizi ambaye kazi yake ilikuwa kuvukuta tu. Mhunzi alipotaka joto zaidi hakuamuru makaa yaongezwe. Alimwambia msaidizi aongeze kasi. Alipotaka chuma kitulie kwenye wekundu wa wastani, msaidizi alipunguza mwendo. Fundi aliongoza joto kwa pumzi ya mivukuto.

Wahaya wa kaskazini magharibi mwa Tanzania walikwenda mbali zaidi katika kuyeyusha chuma. Watafiti wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science mwaka wa 1978 kwamba wazee wa Kihaya walizipenyeza kewa za udongo, yaani zile mirija za kupitishia upepo wa mivukuto, hadi ndani ya tanuri, hivi kwamba hewa ilipata moto kabla ya kuyafikia makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu uzito wa jambo hilo. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba wazee walijua siri ya moto imo katika hewa, na waliishughulikia hewa hiyo kwa bidii kuliko makaa yenyewe.

Aliyehama kutoka makaa hadi gesi mara nyingi huyasahau hayo, kwa kuwa hewa sasa haionekani wala haimtoi mtu jasho. Lakini bado ipo, na kipimo chake ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhania. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na biuteni. Lita moja ya propeni ikiwa katika hali ya mvuke huhitaji karibu lita 24 za hewa ili iungue yote. Lita moja ya biuteni huhitaji karibu lita 31. Mwanafunzi wa kemia anaweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe akikumbuka kwamba oksijeni ni kama sehemu moja tu kati ya tano za hewa tunayovuta.

Sasa jiulize: hewa hiyo yote huingiaje ndani ya kichomeo kisicho na feni? Huingizwa na gesi yenyewe. Gesi hutoka kwa kasi katika kitundu chembamba kilicho nyuma ya paipu ya kichomeo, na kwa kasi hiyo huikokota hewa iliyo kando yake, kama vile matatu ipitayo kwa kasi inavyoyakokota makaratasi ya barabarani. Ndani ya paipu viwili hivyo huchanganyika, kisha huwaka vinapotoka upande wa pili. Kitundu kikiwa kipana mno, gesi hutoka nyingi lakini kasi yake haitoshi kukokota hewa inayoilingana. Wengi hutumia ile ncha ndogo ya shaba ya mashine ya kuchomelea inayotumia waya, maana tundu lake limetobolewa sawasawa kiwandani. Yafaa kujua kwamba tundu la milimita 1.0 lina eneo kubwa kuliko la milimita 0.8 kwa zaidi ya nusu. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho, lakini mtungi unaiona.

Nairobi si Mombasa

Hapa pana jambo ambalo limewasumbua vijana wengi waliofuata vipimo vya vitabu vya ng'ambo bila kuvibadilisha. Vipimo vingi vya vichomeo vilibuniwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa huo, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Eldoret, iliyo zaidi ya mita 2,000, ina hewa nyepesi hata zaidi. Kichomeo kile kile ambacho fundi wa Likoni atakisifu, kikiletwa Kariobangi kitatoa moto wa manjano wenye njaa ya hewa, ilhali hakuna kilichoharibika.

Dawa yake ni kutumia kitundu chembamba zaidi cha gesi, au kuyapanua matundu ya kuingizia hewa. Wengine hufunga feni ndogo ya umeme nyuma ya kichomeo, nayo hufanya kazi vizuri mradi umeme usipotee. Ukipotea, gesi huendelea kutoka na hewa hukatika mara moja. Kwa mwanafunzi anayeanza, na kwa jinsi umeme wetu ulivyo, mimi singeipendekeza feni.

Sehemu ya hewa ya kichomeo huwekwa kifuniko kinachoweza kusogezwa, mfano wa kile kijilango kilicho chini ya jiko la makaa. Huo ndio usukani wa tanuri. Ukilibana tundu la hewa, moto unalegea na kuwa wa manjano. Ukilifungua polepole, moto hufupika, hubadilika kuwa wa samawati iliyoiva, na mngurumo wake huwa wa sauti moja isiyokatika. Kwenye mdomo wa tanuri utaona ulimi mfupi tu. Hapo gesi inaungua karibu yote ndani. Ukizidisha hewa, moto huwa mwembamba na mkali wa sauti, na chuma hutoka kimefunikwa magamba mazito meusi kwa kuwa oksijeni iliyobaki inakila. Wahunzi wengi hupendelea gesi izidi kidogo sana, ili magamba yasiwe mengi. Kidogo sana, narudia, kwa sababu tutakayoieleza baadaye.

Na vali ya gesi? Ina kazi yake, lakini baada ya hewa. Kwanza pata mlingano mzuri kwa presha ya wastani, kisha ukitaka joto zaidi ongeza gesi kidogo na utazame tena rangi ya moto. Vichomeo vingi vidogo hufanya kazi kati ya paundi tatu na 10 kwa kila inchi ya mraba. Ukishusha presha mno, kasi ya gesi hupungua na moto hurudi nyuma kuwaka ndani ya paipu. Utasikia mlio wa puf-puf-puf. Ukiusikia, funga gesi papo hapo, uache kichomeo kipoe, kisha uanze upya kwa presha ya juu kidogo.

Regyuleta ya jikoni haiwezi kazi hii, maana imetengenezwa kutoa gesi kwa upole wa jiko la kupikia chai. Inayohitajika ni ile ya presha ya juu yenye kipini cha kurekebisha, aina inayotumiwa kwenye majiko makubwa ya hoteli, pamoja na mpira uliotengenezewa presha hiyo. Wapo wanaoiondoa regyuleta kabisa na kuunga mpira moja kwa moja mtungini. Hao wanacheza na roho zao na za majirani, kwa sababu presha ndani ya mtungi hupanda na kushuka kulingana na joto la siku, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuifuatilia.

Somo la jiko

Nusu ya joto lote huokolewa au kupotea katika kitu ambacho wengi hukimaliza haraka ili wafike kwenye kichomeo. Nacho ni ukuta.

Tulipewa somo hili zamani na jiko la kisasa la makaa, lile lenye chungu cha udongo ndani ya mkebe wa bati, ambalo lilianza kuenea nchini miaka ya 1980. Wazo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Udongo ule huzuia joto kukimbilia kwenye bati, na kati ya udongo na bati hutiwa simiti iliyochanganywa na vamikulaiti, yale madini mepesi yenye tabaka zilizojaa hewa. Mama aliyetoka kwenye jiko la bati tupu akanunua hili aliona gunia la makaa likidumu zaidi, ingawa makaa ni yale yale.

Tanuri la gesi hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa joto kali zaidi. Linalotumiwa sana ni blanketi la nyuzi za kauri, unene wa milimita 25, linalotandikwa mara mbili. Aina ya kawaida imekusudiwa kustahimili hadi nyuzijoto 1,260. Wengine hutumia matofali mepesi ya tanuri. Matofali ya kujengea nyumba hayafai, kwani hunywa joto jingi kabla ya kuanza kulirudisha. Zege la kawaida ni baya zaidi. Maji yaliyofungika ndani yake hugeuka mvuke na kulipasua, vipande vikaruka hadi usoni.

Blanketi hilo lina madhara yake. Nyuzi zake ni nyembamba mno, na zikivutwa hukaa mapafuni. Livalie barakoa ya vumbi na glavu unapolikata, kisha ulipake juu tabaka la udongo wa tanuri unaostahimili moto hadi pasionekane unyuzi hata mmoja. Tabaka hilo pia huwaka jekundu na kulirudishia chuma joto, kwa hiyo fedha zake hurudi kwa gesi utakayookoa. Baada ya kulipaka, liache likauke siku kadha, kisha uliwashe moto mdogo mara mbili tatu kabla ya ule mkali.

Kisha kuna ukubwa wa chumba cha moto, na hapa ndipo hesabu ya darasani inapoonyesha manufaa. Kichomeo kimoja cha paipu ya robo tatu inchi hutosha chumba cha lita tano hadi sita hivi. Chukua chumba cha mviringo chenye upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 30. Ujazo wake ni lita 5.3. Sasa kijana mwenye tamaa akaongeza upana hadi sentimita 20, akidhani sentimita tano si kitu. Ujazo umefika lita 9.4. Kichomeo ni kile kile, gesi ni ile ile, na chumba kimekaribia kuwa maradufu. Atafungua vali hadi mwisho na chuma hakitapita rangi ya nyanya. Hahitaji gesi zaidi. Anahitaji kipande kingine cha blanketi cha kukipunguza chumba.

Mdomo nao huongozwa kwa tofali moja au mawili yanayosogezwa mbele yake. Ukiuacha wazi kabisa, joto hutoka lote. Ukiubana mno, moshi uliokwisha kuungua hukosa njia, unarudi kinyume na kukisukuma kichomeo, hewa inapungua, na tunarejea pale pale kwenye moto wa manjano. Sogeza tofali taratibu huku ukisikiliza. Mngurumo ukianza kukwama, umepita kiasi.

Mtungi unaotoa jasho

Wengi wamewahi kuulaumu muuza gesi kwa sababu ya jambo hili. Tanuri limewaka vizuri kwa nusu saa, kisha nguvu inaanza kushuka. Mtungi ukiutikisa una gesi, lakini nje umelowa, na ukiugusa ni baridi kama soda ya friji. Hakuna aliyekuibia.

Gesi iliyo mtungini ni ya majimaji, na ili igeuke mvuke lazima ivute joto kutoka kwa mtungi wenyewe. Ukiitumia kwa kasi, mtungi hupoa kuliko hewa ya nje inavyoweza kuupasha, na presha huanguka. Propeni huchemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sufuri, lakini biuteni huchemka karibu na sufuri, kwa hiyo biuteni ndiyo inayogoma kwanza. Tanuri dogo laweza kutumia karibu kilo moja ya gesi kwa saa, mzigo ambao mtungi wa kilo sita hauubebi kwa muda mrefu. Wa kilo 13 hupoa polepole zaidi kwa kuwa ni mkubwa. Wapo wanaouweka mtungi wima ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, ya kuoga mtoto, na hiyo husaidia. Maji ya moto hapana. Kuusogeza karibu na tanuri upate joto, jambo ambalo watu hulifanya, ni wazimu.

Rangi, sumaku na chumvi

Joto lote hili linaongozwa kwa ajili ya nini? Chuma kina viwango vyake, na tofauti kati ya kisu kizuri na kisu cha kutupwa yaweza kuwa nyuzijoto 100 tu.

Chukua kipande cha springi ya matatu, ambacho ndicho chuma kigumu kinachopatikana kwa urahisi kwa wauza vyuma vikuukuu. Kikianza kung'aa wekundu hafifu kiko karibu na nyuzijoto 600, na kukipiga hapo ni kukipasua. Wekundu wa nyanya iliyoiva ni kati ya 750 na 800. Rangi ya chungwa ni kati ya 900 na 1,000, na manjano ni kama 1,100. Kazi ya nyundo hufanywa kuanzia chungwa hadi manjano, kisha chuma hurudishwa kikifika wekundu. Kikipita manjano na kuelekea weupe, chembe zake za ndani hukua na kuwa kubwa. Kwa nje utakiona kizima, lakini siku ya kukitumia kitavunjika kama biskuti, na jeraha la kisu kilichovunjika mkononi si dogo.

Rangi hizo hazisomeki juani. Ni kichekesho kidogo kwamba ufundi wetu umepata jina la jua kali, ilhali mhunzi ni fundi ambaye jua ni adui yake. Chuma ambacho kivulini ni cha chungwa, saa sita mchana uani kitaonekana kama hakijapata moto, na kijana atakiongezea joto hadi akiunguze. Tafuta kivuli, au ufanye kazi jioni.

Wakati wa kukikaza chuma, yaani kukipasha na kukitumbukiza kwenye mafuta ili kiwe kigumu, macho pekee hayatoshi. Tumia sumaku. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kikifika nyuzijoto 770. Kipime kila mara, na sumaku ikikataa kukishika kirudishe motoni kidogo tu. Kwa springi, kiwango kinachotakikana ni juu ya hapo kidogo, 830 hadi 850. Msaada mwingine uko jikoni kwa mama. Chumvi ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzijoto 801. Punje chache zikinyunyizwa juu ya chuma hukaa kama mchanga hadi kiwango hicho, kisha hugeuka tone linalong'aa. Baadaye kioshe, maana chumvi hualika kutu.

Shida ya tanuri dogo ni kwamba sehemu iliyo chini ya kichomeo huwa na moto zaidi ya pembeni, na ncha nyembamba ya kisu huungua kabla ya mgongo kuiva. Kwa hiyo punguza gesi, weka ndani kipande cha paipu nene ya chuma kilichozibwa upande mmoja, na upashe kisu ndani ya paipu hiyo. Paipu huugawa moto sawasawa. Isiwe ile ya maji iliyopakwa zinki. Zinki huchemka karibu na nyuzijoto 907, na moshi wake mweupe humletea mtu homa ya kutetemeka usiku huo. Kwa sababu hiyo hiyo, mabati hayaingii tanurini.

Mafuta ya kukazia yawe ndani ya chombo cha chuma, kamwe si cha plastiki, na kifuniko cha chuma kiwe karibu, kwani huenda yakashika moto. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa kiasi yanatosha. Kisu kikitoka hapo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kilaze katika oveni ya jikoni kwa nyuzijoto 200 kwa saa moja au mbili, hadi sehemu uliyoisugua iwe na rangi ya majani makavu. Oveni ile ile ya mikate ndiyo inayokamilisha kazi.

Gesi isiyo na harufu

Tulisema gesi isizidi ila kidogo sana. Moto wenye njaa ya hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo hiyo hiyo ya majiko ya makaa, ambayo kila msimu wa baridi wa Juni na Julai hutuletea habari za watu waliolala wasiamke. Tanuri la gesi huitoa hata likionekana kuwaka vizuri. Haliwashwi chumbani, wala gerejini mlango ukiwa umefungwa, wala kwenye roshani ya ghorofa. Kibanda chenye paa na kuta mbili wazi kinafaa. Anayeanza kuumwa kichwa au kuhisi kichefuchefu azime gesi na kutoka nje, hata kama chuma kimeiva.

Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutambaa chini na kutulia kwenye mashimo na mifereji. Viungo vyote vya mpira vipakwe povu la sabuni kabla ya kila kazi. Povu likifura, kiungo kinavuja. Mtungi usimame wima, mbali na mdomo wa tanuri, na pawe na mtu mwingine anayejua vali iko wapi. Wakati wa kuwasha, kiberiti hutangulia: weka moto mdomoni mwa tanuri, simama kando, kisha ufungue gesi. Anayefungua gesi kwanza na kuanza kupapasa mifukoni akitafuta kiberiti amekwisha kujaza chumba.

Wakati wa kuzima, funga vali ya mtungi kwanza na uache gesi iliyo mpirani iungue yote, ndipo ufunge ya kichomeo. Tanuri lililotandikwa nyuzi hupoa upesi kuliko la matofali, lakini watoto wasilikaribie kabla ya saa mbili tatu. Na kama una kipande cha springi unachotaka kukikata kesho, usikiache kipoe upeponi. Kipashe hadi sumaku ikikatae, kisha ukizike kwenye debe la jivu kavu na ukakilaze hapo usiku kucha. Asubuhi kitakuwa laini, na msumeno wa chuma utakikata.